Wanakijiji wa Mwenyekiti Olupot

Kijiji kizima cha Molo, huku Tororo, kilimjua Olupot kwa vitu viwili: karanga zake na mhuri wake. Karanga alizirithi kwa babake. Mhuri aliupata alipochaguliwa mwenyekiti wa kijiji, na tangu siku hiyo hawakuachana. Akienda kanisani, mhuri mfukoni. Akienda kuoga, mhuri juu ya jiwe, naye anautupia jicho kama mama mwenye mtoto karibu na moto. Hukusajili laini ya simu wala hukuuza ng'ombe kabla Olupot hajaupulizia pumzi na kuugonga kwenye karatasi yako.

Kituo cha afya walichokitegemea kilikuwa na jengo, bango la wafadhili na kiti cha daktari. Aliyekosekana ni daktari. Waliotumwa walifika, wakauliza mtandao unashika wapi, wakaonyeshwa kichuguu cha kusimama, na baada ya muda mfupi wakahamia mjini kwa sababu za kifamilia. Mmoja hakufungua hata begi.

Kwa hiyo siku redio ilipotangaza kwamba chuo kimoja cha udaktari kitatenga nafasi kwa vijana wa vijijini, wale wanaotarajiwa kurudi kutibu kwao, Olupot alipiga makofi peke yake shambani. Binti yake, Aanyu, alikuwa amefaulu biolojia na kemia hadi walimu wakamsifu mbele ya shule. Masharti yalikuwa mepesi: barua ya mwenyekiti kuthibitisha kwamba mwombaji ni mtoto wa kijiji, kisha jopo lije limhoji nyumbani kwake.

Alichosahau ni kwamba hata Kampala redio zinasikika.

Wa kwanza kuja alikuwa Bwire, wakala wa forodha pale mpakani Busia, ambaye familia yake iliishi Kampala. Alishuka garini na binti yake Kate, aliyekuwa akikanyaga kinyesi cha mbuzi kwa ncha za vidole.

"Mwenyekiti, huyu ni mtoto wa hapa," Bwire alisema.

"Hapa wapi?"

"Hapa kwako."

"Bwire, wewe ni Msamia. Kwenu Lunyo. Mbona hukwenda kwa mwenyekiti wa kule?"

"Nimekwenda. Kule wamejaa." Bwire alimsogelea. "Mzee, kazi yangu ni kupitisha mizigo. Mchele naupokea ukiwa wa ng'ambo, nauachilia ukiwa wa nyumbani, na sijaona mchele ukilalamika."

Nyuma ya gari kulikuwa na mabati mapya. Apolot, mkewe Olupot, alikuwa akiyaomba mabati tangu harusi yao, na nyasi za paa zilivuja mvua zikawapa maji ndani bila kwenda kisimani. Olupot aliutazama mhuri, akayatazama mabati. Akaupulizia pumzi.

"Ila usiyapige juu bado," Bwire aliongeza. "Jopo likiona bati watasema hapa ni mjini."

Basi mabati yakalala chini ya ghala, na mwenye mabati akaendelea kunyeshewa.

Baada ya Kate akaja Griffins, mwana wa mfanyabiashara wa Tororo mjini, pamoja na mifuko ya saruji. Mhuri ulipozoea, ulizoea. Wote wawili wakahamia kwa Olupot wajifunze kuwa watu wa kule. Griffins alitumwa kukamua, akaenda na ndoo yake moja kwa moja kwa fahali. Fahali alimsamehe. Kate alifundishwa kupalilia akang'oa karanga na kuacha magugu yaliyokuwa, kwa maelezo yake, yamependeza zaidi.

Apolot hakusema mengi. "Baba Aanyu," aliuliza siku moja akigawa ugali wa wimbi, "hawa wakishakuwa wa kwetu, huyu wetu atakuwa wa nani?"

"Nafasi ni nyingi," alijibu Olupot, naye hakuwa na hakika.

Lakini Kate na Aanyu walipatana. Aanyu alimfundisha kutengeneza kata ya kuwekea mtungi kichwani. Kate alimfundisha kumtazama mhojaji usoni na kutoziba mdomo akisema. Siku jopo lilipofika, Kate alimwazima suruali yake ya jinzi na blauzi nyeupe. "Usiende kama unaomba msamaha," alimwambia.

Jopo liliongozwa na Profesa Okanya, mtu mnene mpole aliyetembea na taulo dogo la kujipangusa jasho. Aliposhuka tu alimkuta Kate kwenye jiwe la kusagia, leso kiunoni, vumbi magotini. "Yoga!" Kate alimsalimu kwa Kiteso, na profesa akafurahi mpaka akasahau jasho. Griffins alipita na ng'ombe, suruali yake imechanwa vizuri na fundi cherehani. Ndipo Aanyu akatoka ndani na viti, jinzi ikimkaa sawasawa.

"Ukihitimu utarudi kijijini?" profesa alimwuliza Kate.

"Profesa, mimi penye lami siwezi hata kupumua."

Wajumbe waliandika kwa furaha. Griffins naye akasema kwamba hawezi kuishi mbali na ng'ombe wake, ingawa alikuwa amewaacha kwenye mihogo ya jirani. Kisha wakamgeukia Aanyu.

"Kama kuna nyumba ya kulala, dawa kabatini, na mshahara unaofika, nitarudi," alisema, macho usoni mwa profesa. "Kama hakuna, nitafanya kama wale walionitangulia."

Profesa akavua miwani. "Huyu ni wa mjini," akawaambia wenzake. "Mtoto wa kijijini hasemi hivi. Hana moyo wa kijiji."

Olupot alihisi macho ya Apolot mgongoni, yakichoma kama jua la adhuhuri. Akasimama.

"Profesa, mmekosea. Huyu ndiye wangu. Wale wawili ni… ni wageni."

"Mhuri huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Uko kwenye barua zote tatu. Ulisema kweli kwenye ipi?"

Olupot alitia mkono mfukoni, akaufunika mhuri. Aliyemwokoa ni Kate, aliyeinuka akajipangusa magoti. "Prof, mimi ni wa Kampala. Nilizaliwa hospitali yenye lifti. Aanyu ndiye alinifundisha kubeba maji."

Jopo likaondoka na kuwafuta wote watatu. Haki, walisema, haibagui.

Olupot akaanza safari za chuoni. Karani alimwambia alete karatasi ya kuzaliwa ya binti yake, iliyotolewa na kituo cha afya.

"Alizaliwa shambani, mama yake akipalilia. Kituo kilifungwa, daktari alikuwa amehama."

"Mzee, bila karatasi ya kituo, tutajuaje kwamba ametoka mahali pasipo na huduma?"

Olupot alirudi nyumbani akarudia maneno hayo kwa Apolot, polepole, labda yeye angeyaelewa. Apolot akafunga leso, akaenda mwenyewe. Alimkuta Profesa Okanya ofisini.

"Nimekuja kuthibitisha kwamba nilizaa," alisema. "Lakini kwanza, baba, kwenu ni wapi?"

"Nabuyoga," profesa alijibu, akitabasamu kwa fahari.

"Nabuyoga ni kijijini kabisa. Basi ulitibu kule miaka mingapi?"

Profesa alichukua taulo lake. Alisema kulikuwa na masomo, halafu watoto, halafu hapa chuoni. Karani aliyekuwa mlangoni alikumbuka kazi nje. Apolot hakucheka, alingoja tu, kama mtu anayengoja chungu kichemke, mpaka profesa akasema binti aje tena kuhojiwa, safari hii bila barua ya mwenyekiti.

Aanyu alienda na gauni lake la kanisani. Akaulizwa swali lile lile, akajibu yale yale, neno kwa neno. Mara hii waliandika kwamba mwombaji anayaelewa mazingira ya kazi. Akapata nafasi.

Wanakijiji nao waliitisha mkutano wakampokonya Olupot mhuri. Alikubali bila ubishi, lakini kwa muda mrefu mkono wake uliendelea kuingia mfukoni na kutoka mtupu. Bwire alituma gari kuchukua mabati yake; Apolot ndiye aliyesaidia kuyapakia, na hakumtazama mumewe mpaka gari lilipoondoka.

Uchumba wao ulibidi uanze upya, kwa maneno machache. Olupot alikata nyasi mpya akaezeka paa mwenyewe, akalishona vizuri kuliko alivyowahi kufanya.

Kate alikwenda kusomea uhasibu. Wakati wa kuvuna wimbi alitokea bila kuitwa, kwa bodaboda, akiwa na kisu alichonunua mwenyewe na mkate wa kumpa Apolot. Bado alivuna ovyo. Kufikia mchana kiganja chake cha kulia kilikuwa na malengelenge, na Apolot akamketisha kivulini amfunge kitambaa.

"Pole, mwanangu," alisema. "Kesho utavuna kwa mkono wa kushoto."