Pembe za Gavana

Ukitaka kumkasirisha baba yangu, Stanislausi Wambura, usihangaike kumtukana. Mwambie tu kwamba ng'ombe wote ni sawa. Atakukalisha kwenye kiti kizuri, atamwomba mama akuletee chai, na utaondoka pale ukiujua ukoo wa kila mnyama zizini kuliko unavyoujua wako.

Ni mkulima na mfugaji wa kawaida, nje kidogo ya Butiama. Hajawahi kuwa mwenyekiti wa chochote. Kanisani anaimba besi, vibaya na kwa sauti kubwa, na hakuna mwalimu wa kwaya aliyethubutu kumtoa. Lakini pembe anazijua, au ndivyo alivyotuaminisha sisi binti zake wanne, mimi Dorkas nikiwa wa kwanza. Kwake pembe huletwa na vitu viwili: ukoo na umri. Ukoo husema zitakuwaje, umri husema zitatoka lini, na mtu mwenye haraka akafuge kuku.

Mwaka juzi alinitembelea Musoma, pale Nyasho ninakoshona nguo, akakuta kwenye televisheni kipindi cha kulungu wa nchi za baridi. Mtangazaji akaeleza kwamba madume wale hudondosha pembe kila mwaka na kuota nyingine, kubwa zaidi kadiri mnyama anavyokua, mpaka akizeeka zinaanza kupungua. Baba aliweka kikombe chini.

"Kila mwaka? Sasa huyo akizeeka watu watamjuaje alikuwaga nani?"

Alimhurumia yule mnyama mpaka chai ikapoa.

Mapenzi haya ya pembe yalianzia kwa babu yake, ambako kulikuwa na ng'ombe aliyeitwa Gavana. Pembe zake zilitanuka, zikapanda juu, kisha ncha zikageukiana kama zinazosalimiana. Baba huonyesha kwa mikono yote miwili, na kila mwaka mikono hiyo inazidi kuachana. Gavana alikufa baba akiwa mtoto mdogo. Tangu hapo ametamani kuziona pembe zile tena zizini kwake kabla naye hajafa. Ni kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka kwa ajili yake mwenyewe.

Kizazi kile kilipitia kwa dada yake Gavana, kikashuka mama kwa binti, mpaka kikabaki na jike mmoja tu. Jike huyo alizaa dume, kisha mwenyewe akafa kwa ndigana, ile homa ya kupe. Baba akampa yule ndama jina la Diwani. Alisema aanze na cheo kidogo, pembe zikitoka atapandishwa.

Hazikutoka. Yaani zilitoka, lakini mpaka mwaka wake wa nne zilikuwa nene na fupi, kama mihogo iliyopandwa kiangazi. Baba akasema ukoo ule huchelewa. Na kwa kuwa anaamini dume hastahili kupanda mpaka pembe zake zimemtolea ushahidi, alimfunga kamba mbali na majike. Basi Diwani akawa anakula, ananenepa, hazai wala halimi.

Mama yangu, Agness, ndiye mwenye mashamba hasa pale nyumbani, na maksai wake mmoja wa plau alikuwa amekufa. Alimtaka Diwani ahasiwe, akae kwenye nira.

"Diwani wa kweli walau wakati wa kura anaonekanaga," alisema. "Huyu kazi yake kula tu."

Walipatana hivi: mvua za vuli zikikaribia na pembe hazijatoka, Diwani anahasiwa. Baba alikubali kwa sababu aliamini zitatoka. Mimi nilijua hazitoki, na nilimwonea huruma mpaka nikachelewa kushona sare za watu.

Wingu lilipoanza kujikusanya nilipanda kwenda nyumbani pamoja na Shangazi Bhoke, dada mkubwa wa baba, anayekaa Nyakato. Ni bibi mkavu, mwenye ulimi usiokwenda likizo. Tulimkuta Hezron, jirani yetu, amesimama mlangoni mwa zizi na koleo lake la kuhasi. Mama alikuwa ameshika kamba. Baba alikuwa amemshika Diwani shingoni kama mtu anayemuaga mwanawe stendi.

"Mngeniachia mwaka mmoja tu," alisema. "Za Gavana nazo zilichelewaga. Mkimhasi sasa, pembe zimeisha."

Shangazi Bhoke alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi.

"Wewe Stanislausi! Gavana alikuwa maksai."

Baba alisema Gavana alikuwa dume, babu mwenyewe alimwita hivyo, dume letu.

"Babu alikatazaga mtu kutamka maksai hapa nyumbani. Alisema mnyama anayekulimia huwezi kumwita kwa kile ulichomnyang'anya. Wote wa plau alikuwa anawaita madume. Wewe ulikuwa mtoto, nani angekufunulia ng'ombe akuonyeshe? Na kama alikuwa dume, mbona kizazi kilipitia kwa dada yake?"

Hezron akakuna kichwa, akasema kweli, maksai pembe zao huendelea kurefuka, lakini za dume hunenepa zikaishia karibu. Hata maksai wake yeye ana pembe ndefu. Hapo nilikumbuka kwamba baba alikuwa akiziona pembe za maksai huyo kila siku, na akatuambia ni kwa sababu ametoka Usukumani.

Mama alikuwa wa kwanza kuelewa. "Basi Baba Dorkas, mbona tumepatana?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Hezron amhasi. Mimi napata wa plau, wewe unapata pembe zako."

"Hata sasa hajachelewa sana, mzee," Hezron akaongeza. "Damu si anayo? Mpe miaka kadhaa, utaziona."

Nilimtazama baba. Alichokuwa akikitamani tangu utoto kilikuwa kimeletwa mpaka mlangoni, tena kwa ridhaa ya mama. Alipitisha kiganja juu ya zile pembe fupi, polepole, moja kisha nyingine.

"Hapana," alisema. "Mfungue."

Mama alidhani hakusikia vizuri.

"Huyu ndiye wa mwisho, Mama Dorkas. Nikimhasi napata pembe za kuangalia mimi. Siku akifa, zimekwisha dunia nzima. Nikimwacha hivi alivyo, hazionekani, lakini zimo."

"Wakati zinaonekana wewe utakuwa umeshakufa."

"Ndiyo," alisema baba, kama mtu aliyeulizwa kama anaongezewa ugali.

Nataka niseme wazi kwamba nililia. Miaka mingi ndugu walimsumbua baba aoe mke wa pili apate mtoto wa kiume, eti ukoo wake unapotea. Yeye aliwajibu kwamba hata jike hubeba pembe za babu yake. Sisi tulidhani anatufariji. Siku ile nilijua kwamba mzee huyu huyu, mkaidi, mwimbaji mbovu, alikuwa akisema anachokiamini.

Ilibaki habari ya plau, maana imani hailimi. Hezron ndiye aliyetoa njia: atamwazima mama maksai wake msimu ule, na Diwani atapanda ng'ombe wake na wetu.

"Na ile mihogo kichwani huikatai, mura?" Shangazi alimuuliza Hezron, akimwita kijana kwa lugha ya kwetu.

"Shangazi, sasa nimeshajua kilichomo."

Mama aliitupa kamba chini, akasema wanaume wote wana wazimu, akaingia jikoni. Lakini aliwapikia kuku, na Hezron akala na koleo lake likiwa miguuni, halijafanya kazi yoyote.

Mwaka huu jike wa mama alizaa dume mwekundu, mtoto wa Diwani. Nilifika Jumapili baada ya misa nikawakuta wazee wangu wameegemea zizi, mabega yakigusana. Ndama alikuwa bado na kipara kichwani, hata vifundo vya pembe havijajitokeza.

"Huyu ni wako," baba alikuwa akimwambia mama. "Wadogo zake watabaki madume. Huyu akikomaa mwite Hezron, akulimie. Halafu uzitazame zinavyotoka."

"Tutazitazama wote," alisema mama.

"Miaka kumi, Mama Dorkas? Kwa magoti haya?"

"Usiongee hivyo."

Baba alicheka, kicheko cha mtu aliyeshiba. Akamshika mkono, jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani mwangu.

"Mimi nilishaziona," alimwambia. "Hizi ni za kwako."