Kadi ya Moto na Udongo wa Bibi

Kadi ilitoka kwenye mfuko wa jaketi la mtumba nililomnunulia binti yangu gulioni. Ilichorwa mchawi wa katuni mwenye moto kiganjani, na chini yake maneno ya Kiingereza. Nilimsomea mwenyewe: ni karata ya mchezo, unachagua mpinzani, unamchoma, anapungua pointi tatu. Basi. Karata nyingine hatukuwa nazo.

Aliyeupenda mchezo ule kuliko wote ni mama mkwe wangu. Tulikuwa tunaishi kwake Rugera. Akiwa anamenya ndizi, mjukuu wake anachomoza nyuma ya migomba, kadi juu.

"Bibi, nimekuchoma!"

"Uuwi! Nimekufa mimi!" Anajilaza kwenye nyasi, kisu kakishika. "Sasa we muuaji, ndizi atamenya nani? Mama yako? Yule anatupa nusu pamoja na maganda!"

Halafu anafufuka, tunacheka wote.

Alikuwa na presha ya siku nyingi. Akijisikia nafuu, dawa anaacha. Asubuhi moja alianguka jikoni, na kabla hatujapata gari akawa ameshatutoka.

Wifi yangu akaja kutoka Bukoba. Mwanangu akamkimbilia, kadi mkononi, analia: "Shangazi, mwambie bibi aamke. Jana nilimchoma, lakini nilikuwa nacheza tu."

"Mmesikia?" wifi akawageukia watu. "Mtoto kakiri mwenyewe!"

"Wifi, huyu hata darasa la kwanza hajamaliza. Hiyo ni karata."

"Karata ya mchawi! Ndiyo mliyosomea sekondari hiyo?"

Akaitupa motoni. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Huku Rugera tunazika kwenye kibanja, shamba la nyumbani, kati ya migomba, na kabla majembe hayajaanza kufukia, wajukuu hutupa udongo kumuaga marehemu. Mwanangu alikuwa ameshachota wake. Wifi akamkamata mkono, akamkung'uta kiganja.

"Wewe hapana. Bibi hautaki wako."

Watu wazima, vitabu vya nyimbo mkononi, hakuna aliyefungua mdomo. Nilifungua mimi, na niliyosema mchungaji alijifanya hayasikii. Wakafukia.

Wifi karudi Bukoba kwenye duka lake. Mimi nimeachiwa mtoto asiyecheka, anayeamini kaua.

Juzi nikampeleka kaburini, tukiwa wawili tu. Nikamwekea udongo kiganjani.

"Bibi kauawa na presha, si wewe. Tupa, mwanangu, umuage."

Akakunja vidole. "Akiukataa?"

"Haukatai."

"Shangazi alisema hautaki."

"Shangazi yako mwongo!" Nilipayuka mpaka akaruka. Nilijua nimeharibu. Hasira yangu ilikuwa ya mtu mwingine, aliyeipata ni yeye.

Hakuutupa. Alichuchumaa, akaufunga taratibu kwenye pindo la gauni lake.

"Nitamtunzia," akasema, "mpaka aache kunikasirikia."

Akashika njia ya nyumbani, pindo kalikumbatia kwa mikono miwili. Mimi nikabaki pale kati ya migomba, natukana watu ambao hawakuwepo.