Eti Tansiyo ni ya Mabosi

Nakumbuka zamani nilipokuwa binti wa umri wako, Keza mjukuu wangu, nikipika kwa mfanyabiashara mmoja hapa Gisenyi, nyumba inayotazama ziwa. Binti yao Solange, rika langu kabisa, alikuwa na tansiyo, ile presha ya damu. Basi nilipika sufuria mbili: moja ya nyumba nzima, nyingine ya kwake, isiyo na chumvi, nimeijaza nyanya, seleri na ndimu mpaka wengine wanaionea wivu. Mashine ya kumpimia ilikaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Kwetu Bugeshi, mdogo wangu Dafroza alibeba viazi kutoka shambani, na kila akiinama alishika kichwa. Alisema anaona nyota mchana. Nikamweleza mama Solange. Alicheka, wala si kwa ubaya: "Tansiyo? Ule mutoto wa viazi? Ile ni ugonjwa ya watu wa kushiba. Kwani yeye iko bosi?"

Mimi, mwanangu, nililipokea neno hilo kama dawa. Nikapanda nalo mlima hadi nyumbani, nikamwambia bibi yangu kwamba Dafroza hana kitu, ni uchovu tu. Bibi alikuwa akimenya viazi, hakunitazama.

"Ule mutoto wa tajiri, walijuaje kama anagonjwa?"

"Walimupima."

"Na huyu wetu?"

Nikaokota kiazi, nikaanza kukimenya.

"Basi usiniambie hana. Niambie hajapimwa."

Kulipokucha tuliteremka na Dafroza hadi zahanati. Alikuwa nayo, tena imepanda vibaya. Muuguzi akampa vidonge, akasema apunguze chumvi, ale mboga na matunda. Bon, haya, kwetu chumvi ndiyo ilikuwa mboga yenyewe. Viazi na chumvi, kwisha. Bibi akakataa habari ya sufuria ya mgonjwa. Nyumba nzima tukala bila chumvi, kwa majani ya vitunguu na chochote kilichoota nyuma ya nyumba. Baba alinuna kama mtoto aliyenyimwa ziwa la mama, na Dafroza akamcheka mpaka akapaliwa. Leo ni bibi mzima, unamjua.

Sasa ni zamu yako, nawe una tansiyo. Wasichana wa bweni wanakuita bosi, nawe umeanza kuficha vidonge na kula maharage yao yenye chumvi ili ufanane nao. Najua mwenzako mwenye ugonjwa huo huo anapelekwa kupimwa kwa gari, na wewe unatembea, unapanga foleni, unakosa somo la hesabu, wewe unayewashinda wote. Si haki, na sitakudanganya kwamba ni haki. Lakini ukiacha dawa, mwenye gari hapungukiwi kitu. Atakayekukosa ni mimi.

Kwa hiyo sikia. Meza kidonge chako mbele yao, kichwa juu. Jumamosi nitakuja mwenyewe kwa matroni wa bweni, akuchotee maharage kabla chumvi haijaingia. Shule sikusoma, lakini ofisi siziogopi. Na ninyi vijana wengine mnaonisikiliza hapa, mkiona rafiki anashika kichwa, msimtungie jina. Msindikizeni akapimwe.

Mungu akutulizie damu, mwanangu, akupe miaka mingi mpaka wajukuu wako wachoke kukusikiliza.