Jeli Iliyonistaafisha

Siku ya kwanza niliingia saluni ya Ngarenaro nimejitanda kanga, kama mtu aliyetumwa chumvi. Mimi ni wa kukaa ndani. Hata Daraja Mbili, mtaa wa jirani, kwangu ni safari. Ila biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa, vipodozi vinaingia kila wiki, na kidato changu cha nne hakikuwa kimenipa kazi yoyote.

Mwenye saluni, Bi Mkubwa, alikuwa fundi wa hina kutoka Tanga. Alinikabidhi chupa ya jeli, rangi ya kucha isiyokauka kwa hewa. Hugandishwa kwa taa maalumu.

"Ikigusa ngozi?" niliuliza.

"Mwanangu, hina inaogopa ngozi? Iache ikolee."

Tukaiacha ikolee. Ziada niliifuta kwa kidole. Taa yetu haikuendana na zile chupa. Iligandisha juu, chini kukabaki kubichi. Jeli mbichi ndiyo yenye madhara, na sisi hatukujua.

Baada ya muda vidole vikawasha, vikapasuka, kope zikavimba. Nikaacha sabuni ya unga. Nikaacha kumenya ndizi, nikidhani ni utomvu. Nikapaka dawa ya fangasi. Nikavaa glavu za mpira, hali ikazidi.

"Labda kazi haikutaki," Bi Mkubwa alinitania.

"Inanitaka sana. Vidole ndivyo vimegoma."

Nilicheka, lakini kazi nyingine sikuwa nayo.

Daktari wa ngozi alinibandika plasta za majaribio mgongoni, siku mbili. "Ni HEMA," akasema, "kiambata kinachoifanya jeli ing'ang'anie kucha. Glavu za mpira jeli huzipenya. Mzio huu hauondoki. Hata daktari wa meno mwambie. Dawa za kuzibia meno zina ndugu zake."

Nilipomweleza, Bi Mkubwa akavaa miwani, akaisoma chupa. HEMA ilikuwepo.

"Mbona mimi sina hata kipele?"

 

Akanihamishia kuosha nywele. Vumbi la kucha zinazopigwa tupa likanifuata huko, kope zikavimba tena. Nikarudi nyumbani, mahali ninapopapenda kuliko pote, nikalia wiki nzima.

Sasa mabinti wa saluni huja kuniuliza: "Shikamoo mama, chupa ipi ni salama?" Nawaambia isiguse ngozi, taa iendane na jeli, ukiwashwa acha. Kisha naomba nione vidole. Juzi mmoja alivificha ndani ya mtandio.