Koti la Mabega Mapana

Mume wangu huongoza wapanda mlima kwenye theluji, nami nauza makoti ya mtumba yasiyopenya maji. Koti silisifii kwa mdomo. Nafunga mkono wake kwa kamba, namimina maji ndani, nasubiri. Likivuja kwenye mshono, nalitupa kwenye kapu la matambara.

Wiki nzima mume wangu aliimba wimbo mmoja: yule dada mpiga picha wa msafara wetu ana pumzi, yule dada haogopi baridi. Mimi nikawa nameza tu. Leo asubuhi dada mwenyewe akaingia dukani, kamera shingoni, meno nje.

"Shikamoo, dada. Naomba koti la kupandia mlima kipupwe hiki. Liwe na mabega mapana."

Shikamoo! Mimi na yeye rika moja. Na mabega mapana ya nini, ya kuvalia sweta ngapi? Wivu ukanipanda hadi utosini. Nikaenda kwenye kapu la matambara, nikatoa koti jekundu lililovuja jana kama chujio.

"Umelipima?" akauliza.

"Kwa mkono wangu," nikajibu, na sikusema uongo.

Jioni mume wangu akaingia amelivaa koti lile jekundu, akijigeuzageuza kama bwana harusi.

"Zawadi kutoka kwa msafara mzima! Niliwaambia wanunue kwako tu. Koti ulilopima wewe nalivaa nimefumba macho. Kesho alfajiri tunapanda."

Nikachukua kamba.

"Livue," nikamwambia, nikaenda kuchota maji.