Nilificha password ya database kichwani mwangu, ikasikika Kalama nzima

Wakuu, habari zenu. Kosa langu nalitaja mapema: nilipoanza kazi ya encryption, yaani kufunga data kwa password, niliamini kwamba siri ikijulikana na mtu mmoja tu, iko salama. Mtu huyo nikawa mimi. Hii yote ilinipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Database nilijifunza peke yangu, kwa vitabu vya kuazima na cyber za hapa Machakos mjini. Kliniki moja ndogo ikanipa kazi. Mji wetu ni mdogo na wagonjwa waliogopa mambo yao kujulikana, kwa hivyo daktari alitaka hata mtu akiiba kompyuta asisome kitu.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nili-encrypt table ya wagonjwa, ile yenye rekodi zao, nikaijaribu, nikairudia mpaka nikaota nayo. Password haikuandikwa popote. Mashine ikizima, table haifunguki mpaka mtu aiingize upya.

Nilichagua sentensi ambayo hakuna mtu angeweza kukisia, kwa sababu ilikuwa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Wakuu, nilijisikia fundi kweli.

Jumamosi moja nikaenda nyumbani Kalama. Mwethya, yaani kikundi cha majirani cha kusaidiana kazi, kilikuwa kinachimba matuta kwa shamba ya susu, nyanya yangu. Network ilishika huko juu tu, tena kwa kubahatisha.

Simu ikalia. Alikuwa Mwende wa reception. Stima ilipotea, imerudi, na kompyuta inaomba password. Mbele yake kuna mama na mtoto mwenye homa kali. Kuna dawa iliwahi kumfurisha huyo mtoto uso mpaka akashindwa kupumua. Mama hakumbuki jina la hiyo dawa, lakini liko kwenye table. Daktari anangoja, hawezi kumpa kitu.

Nikamtajia password kwa sauti ya chini. Hakusikia. Nikapanda tuta la juu, nikarudia. Bado.

"Paza sauti, kaka," akasema. "Mtoto anachemka hapa."

Nikavuta pumzi.

"Naogopa jogoo ya susu. Unganisha yote, N iwe kubwa."

Majembe yakasimama.

Nikasikia Mwende akibonyeza herufi. "Imefunguka," akasema. "Ni penicillin. Daktari anampa ingine."

Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka mpaka machozi. Mwethya wote walikuwa wanacheka pia. Susu akauliza kama ndiyo sababu mimi huzunguka nyumba yote nikienda choo. Jirani yetu, Mama Kioko, akamalizia: "Kumbe wewe unalinda kliniki. Na wewe unalindwa na nani?"

Jioni Mwende alipiga tena. Homa imeshuka, mtoto anaitisha chapati.

Nilichojifunza: kufunga data ni nusu ya kazi. Nusu ingine ni kuhakikisha anayeihitaji ataifungua hata kama wewe haupo. Na nyinyi mnaofanya kazi hii, password zenu ziko na nani? Andikeni hapa chini. Kucheka mnaruhusiwa.

Password nilibadilisha Jumatatu asubuhi. Siku hizi daktari anaijua, Mwende anaijua, na nikiwa shambani hakuna anayenipigia.