Mama Anayepima Walevi kwa Komuni Saba

Saa saba na nusu mchana, jua la Katuba limekaa katikati ya uwanja kana kwamba limelipa kiingilio. Kwenye lango pekee la uwanja wa klabu ya Tujikaze, Mama Adolphine Mapalo ameshika chupa ya mtoto ya kunyonyea. Anaifungua, anaipeleka puani, anafumba macho kidogo.

"Mutoto eko wapi?" anauliza.

"Alibakia ku nyumba, mama," anajibu mwanamume mwenye ndevu nyeupe.

"Na maziwa yake njo imekuya kuangalia mupira?"

Foleni inaangua kicheko. Chupa inawekwa juu ya meza ndogo ya mbao, kando ya nyingine kumi na moja zilizonaswa tangu saa sita. Ndani yake hamna maziwa. Mna lutuku, pombe kali inayopikwa majumbani, ile ambayo tone moja likidondokea kiatu, kiatu hubadilika rangi.

"Sasa niambie komuni saba za mji," anasema Mama Adolphine.

Mzee anavuta pumzi. "Lubumbashi. Kenya. Katuba. Kamalondo. Kampemba. Ruashi." Anasita. Anatazama angani. "Katuba."

"Katuba ulishaisema, papa. Iko moja tu, na leo inakufukuza. Rudia ku nyumba, ukunywe maji."

Mzee anaondoka bila kinyongo. Ni mara yake ya nne msimu huu.

Lubumbashi imegawanyika katika komuni saba, yaani tarafa zake, na mojawapo, wageni wasishangae, inaitwa Kenya. Mtoto wa darasa la tatu huzitaja zote akiruka kamba. Lakini Mama Adolphine, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, amegundua kwamba mtu aliyekunywa hukwama daima kwenye ya saba, Annexe.

"Pengine ju iko mbali, inazunguka mji yote," anaeleza. "Mulevi hafikake kule."

Siku za kazi Mama Adolphine huuza mkaa. Babake alitoka Kongolo, akafanya kazi ya reli hadi kustaafu, akaacha watoto wanane na kofia moja. Yeye mwenyewe ana watoto wanne. Jumapili ni protocole wa parokia yake, yaani mmoja wa wale wanaowapokea waumini mlangoni na kuwaonyesha mahali pa kukaa. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na sita.

Ndiyo iliyomleta uwanjani. Rais wa klabu, Papa Dominique, alimwona siku ya Pasaka akiwapanga watu mia nane kwenye viti mia tano bila kupandisha sauti. Baada ya misa alimfuata na kumwomba aje kulinda lango. Malipo ni faranga elfu ishirini kwa mchezo, chini ya dola kumi.

"Nilimwambia nitauliza kwanza kwa Mungu," anasema. "Nikaomba siku tatu. Ya tatu, nikasikia arufu ya lutuku ya jirani kupita ukuta. Nikasema, asanti Bwana, nimesikia. Hii pua haukunipa bure."

Hadi leo hafungui lango kabla ya kuinamisha kichwa na kusali sala fupi: anusacho kiwe kweli, na asimwonee mtu. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyomponyoka Jumamosi moja ya mwezi wa tano.

Wakati huo Tujikaze ilikuwa na barua nzito mezani. Msimu uliopita, shabiki mmoja alirusha chupa akimlenga mwamuzi. Chupa ikampita mwamuzi, ikaupita ukuta, ikampata dereva wa timu ya wageni aliyekuwa amelala ndani ya basi. Chama cha mpira cha mji kikaandika: fujo moja tena, uwanja utafungwa, na Tujikaze itacheza michezo yake yote ugenini bila mashabiki. Lango likifungwa, mlinzi wa lango hana kazi. Na Mama Adolphine alikuwa amempa Papa Dominique neno lake kwamba hakuna chupa itakayopita.

Kwa kweli, tangu barua hiyo hazikuwa zikipita, ingawa watu walijitahidi. Aliikuta lutuku ndani ya mkate. Aliikuta ndani ya ngoma. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta. Wiki ya kwanza ilikuwa mguu wa kushoto, wiki ya pili wa kulia. Wiki ya tatu Mama Adolphine aliigonga plasta kwa kijiko, ikajibu kama ndoo.

Lakini mashabiki wasiolewa walileta taabu ya namna yake. Fils, kiongozi wao, fundi wa baiskeli ambaye bado anaitwa Fils, yaani mtoto wa kiume, akiwa na miaka hamsini na mmoja, alimlalamikia mbele ya watu.

"Mama, zamani kipindi ya pili tulikuwa tunalala. Sasa tunaona yote. Hii timu iko mubaya hivi tangu lini?"

Jumamosi hiyo, dakika ishirini kabla ya mchezo dhidi ya timu ya Kampemba, mtu mwembamba alifika mbio langoni akiwa na mfuko wa plastiki. Harufu yake ilitangulia. Suruali ilikuwa imelowa kuanzia gotini hadi chini, na ilinuka lutuku kiasi kwamba waliokuwa nyuma yake walirudi hatua mbili.

"Mama, munipitishe. Miye njo mushika kibendera," alisema, huku akitoa kibendera kutoka mfukoni.

Mama Adolphine hakushtuka. Mwezi uliotangulia mtu mwingine alikuja na filimbi, akajiita mwamuzi, na alipoulizwa sheria aliimba.

"Komuni saba," alisema.

"Lubumbashi," alianza yule mtu. "Katuba, hapa. Kenya." Akajifuta jasho kwa kibendera. "Mama, miye sijue ya huku. Minatoka ku Kambove."

"Bote banasemaka hivyo. Juma iliyopita mumoja alisema anatoka ku Roma."

"Mu basi, bidon ya lutuku ya mama mumoja ilipasuka pa muguu yangu! Sikukunywa hata kidogo!"

"Muguu njo ilikunywa?"

Foleni ikacheka tena, na kicheko cha foleni ni kitu kitamu kwa mtu anayesimama juani. Mama Adolphine akageuka, akatangaza kwa sauti ambayo kanisani hakuwahi kuitumia: "Huyu alilewa! Haingii!" Fils, aliyekuwa hatua chache ndani ya lango na tarumbeta yake, alilisikia neno hilo vizuri sana.

Saa ya mchezo ikafika, mchezo haukuanza. Zikapita dakika tano. Kamisaa wa mchezo, aliyetumwa na chama kuandika ripoti, akaja langoni akifuta shingo kwa leso.

"Tunangojea mushika kibendera, Donat Chishimba. Chama ilimutoa mbali ili asipendelee muntu."

Yule mtu mwembamba aliinua mkono kama mwanafunzi. Kisha akatoa kadi yake ya uchaguzi. Jina lilikuwa hilo hilo: Donat Chishimba, Kambove.

Mama Adolphine aliitazama kadi pande zote mbili. "Hii inaonyesha njo nani. Haionyeshe alikunywa nini."

Kamisaa naye akamnusa Donat, akakunja uso, akasitasita. Hakutaka kumwingiza mlevi, wala hakutaka mchezo uvunjike. Donat ndiye aliyeamua. Akaisogelea meza ya chupa.

"Mama, muniulize kazi yangu," alisema. "Muniulize hors-jeu." Ndivyo watu wa Katuba wanavyoita kosa la kuotea.

"Ni nini?"

Hilo halikuwa swali la mtihani. Misimu mitatu alikuwa amesimama langoni akitazama watu, mgongo wake ukitazama mpira. Alijua tu kwamba neno hilo likisikika, chupa hurushwa.

Donat akapanga chupa. Chupa kubwa ya bia ikawa golikipa, bapa la lutuku likawa beki, chupa ya mtoto (siku hiyo pia ilinaswa moja) ikawa mshambuliaji, kizibo kikawa mpira. Mkono wake haukutetemeka. Aliisogeza chupa ya mtoto nyuma ya beki, akaonyesha ni wakati gani mpira unapigwa, ni nani aliyebaki kati yake na goli, na kwa nini akisimama pale anavizia kama mtu aliyeruka foleni.

"Kuruka foleni!" alisema Mama Adolphine, na macho yakamfunguka. "Basi ni zambi."

"Ni faulo, mama."

"Ni zambi. Ingia, papa Donat. Unisamehe."

Mchezo ukaanza, umechelewa dakika kumi na moja. Donat alikimbia kando ya mstari akinuka, na beki wa kushoto wa Kampemba aliomba kubadilishwa upande.

Dakika ya themanini na tatu bado ilikuwa sifuri kwa sifuri. Ndipo Chance, mshambuliaji wa Tujikaze, alipopokea mpira peke yake mbele ya golikipa na kuutia wavuni. Uwanja ukaruka. Halafu ukakiona kibendera cha Donat kiko juu.

Kisha tarumbeta ya Fils ikalia, na baada yake Fils mwenyewe.

"Eko mulevi! Mama Adolphine alisema mwenyewe mu mulango! Alilewa!"

"Mu-le-vi! Mu-le-vi!" waliitikia watu mia sita, wote wakavu kama unga, bila tone la pombe.

Langoni, Mama Adolphine alilisikia jina lake likitumiwa kama jiwe, na mawe ya kweli yalianza kuokotwa. Watu waliisukuma kamba iliyouzunguka uwanja. Mwamuzi alisimamisha mchezo. Kamisaa alifungua daftari lake na kuondoa kifuniko cha kalamu, na Papa Dominique alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nilisema, Bwana, hii fujo haikupita mu chupa," anakumbuka Mama Adolphine. "Ilipita mu kinywa yangu."

Alizipakia chupa ndani ya beseni, akajitwika meza kichwani na beseni juu yake, akaingia uwanjani. Mwanamke aliyebeba meza na chupa kumi na mbili hapigwi jiwe, kwa sababu kila mtu anataka kwanza kujua anakwenda wapi. Alikwenda moja kwa moja mbele ya kamba, akaitua meza, akainua kiganja na kukishusha taratibu, kama afanyavyo kabla ya somo la kwanza.

"Muikale."

Wakakaa. Si wote kwa mara moja, lakini nusu yao walikuwa wa parokia yake, na miguu yao ilitii kabla ya vichwa. Fils alibaki amesimama, akajitazama, akakaa.

"Miye njo nilikosa," alisema. "Huyu papa hakukunywa. Nilimuuliza Lubumbashi, ye ni muntu wa Kambove. Niliona suruali, sikuona muntu. Nilisema uongo mu mulango na nilikuwa nimetoka kusali. Nimeomba musamaha kwake, minaomba na kwenu. Sasa muangalie hapa."

Akapanga chupa. "Huyu munene ni golikipa. Huyu ni beki. Huyu mudogo ni Chance."

"Mama, ile njo chupa yangu!" alipiga kelele mtu kutoka nyuma.

"Ndiyo, na ya kwako njo ilikuwa hors-jeu!"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama upepo. Aliendelea, kizibo kikisogezwa kwa kidole, hadi pale mtu anaporuka foleni. Kisha akamwita Chance, aliyekuwa amesimama karibu, mikono kiunoni.

"Mwanangu, mbele ya Mungu na ya hii chupa. Ulikuwa wapi?"

Chance alitazama nyasi. "Mbele kidogo, mama."

"Kidogo namna gani?"

"Metre mbili."

Fils aliweka tarumbeta chini. "Metre mbili iko mingi," alikiri, na watu wakaachia mawe, mengine yakiwaangukia miguuni wenyewe.

Mchezo uliisha sifuri kwa sifuri. Ripoti ya kamisaa ina mistari mitatu. Mmoja unasema mchezo ulichelewa dakika kumi na moja kwa sababu ya jeografia. Wa pili unasema ulisimama dakika nne kwa sababu ya mafundisho. Kwenye nafasi ya fujo aliandika: hakuna.

Uwanja haukufungwa. Zaidi ya hayo, chama kimeuchagua kwa mashindano ya kupanda daraja mwezi ujao, ambapo zitakuja timu na mabasi ya mashabiki kutoka nje ya mji, Kambove na Mokambo zikiwemo. Papa Dominique amekwisha kumwambia Mama Adolphine kwamba lango ni lake.

Ndiyo maana siku hizi jioni, mkaa ukishauzwa, anakaa na daftari la mistari. Donat alimpigia simu kutoka Kambove na kumsomea mitaa ya kwao mmoja mmoja, naye akaiandika kwa herufi kubwa. Anaikariri akikoroga ugali. Anasema hataki tena swali linalomfaa mtu wa mji peke yake.

"Mulevi nitamufukuza, hiyo ni kazi," anasema. "Lakini nitamufukuza na majina ya kwabo. Asiende ku nyumba na kusema nilimuonea."

Ukurasa wa Mokambo bado ni mweupe. Msomaji yeyote wa Mokambo anayeijua mitaa ya kwao kwa mpangilio anaombwa kufika langoni Jumamosi yoyote kabla ya saa saba. Atapewa kiti. Atanuswa kwanza.